Kijiti Juu ya Paa

Nyumba ya mama mdogo, huko Nyakach, ilikuwa ya udongo na paa la nyasi, na kileleni mwa paa hilo palichomoza kijiti. Wajaluo hukiita osuri. Ni alama ya mwenye nyumba: kikiwa juu, mwanamume wa nyumba hiyo yu hai, hata kama yuko safari ya mbali. Akifa kijiti hung'olewa, na mpita njia huelewa bila kuuliza. Paa la nyasi halidumu. Kila baada ya miaka michache sharti fundi apande aliezeke upya. Na kila fundi aliyepanda paa lile baada ya 1982 alifika kileleni, akakishika kijiti mkononi, akauliza kutoka juu: "Mama, nirudishe?" Mama mdogo, akiwa chini na matita ya nyasi, alijibu neno lile lile: "Rudisha."

Baba mdogo hakuonekana tena baada ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Alikuwa fundi wa mitambo katika Jeshi la Wanahewa, kambi ya Eastleigh, Nairobi. Alikuwa amemwoa mama mdogo mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa na miaka saba, na kumbukumbu yangu juu yake ni chache: harufu ya rangi ya viatu, na namna alivyonipandisha mabegani tushuke hadi ufukweni Kusa kuangalia mashua zikiingia na samaki wa ngege. Katika picha moja iliyobaki amesimama mbele ya studio ya Kisumu, kofia imeinama upande, mkono mmoja mfukoni, kama mtu anayesubiri garimoshi na ana hakika litafika.

Asubuhi ile ya Jumapili redio ya babu ilikuwa mezani kama kawaida. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, ambayo Kenya nzima iliijua kwa kipindi chake cha mambo ya adabu, Je, Huu ni Uungwana? Wanajeshi walikuwa wamemtoa nyumbani kwake gizani na kumpeleka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya, na chini ya mitutu ya bunduki akasoma kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Dani, bibi yetu, hakushughulika na serikali. Aliuliza jambo moja: wanajeshi gani? Babu akamjibu kwamba ni wa ndege. Dani akakaa chini palepale mlangoni, na kwa miaka mingi mahali pale pale mlangoni ndipo alipokaa jioni.

Kiswahili kina neno moja, mapinduzi, kwa yaliyotokea Unguja tarehe 12 Januari 1964 na kwa yale ya Nairobi miaka kumi na minane baadaye. Ya Unguja yalifaulu, yana sikukuu yake na gwaride lake, ingawa huko nako wapo wanaowatafuta jamaa zao hadi leo. Ya Nairobi yalidumu saa chache, na tangu hapo yameitwa jaribio, uasi, uhaini. Nyumbani kwetu hayakuitwa lolote kati ya hayo. Mama mdogo alisema tu "siku ile," na kila mtu alijua siku ipi.

Hasira zilizozaa siku ile zilikuwa zimejengeka kwa miezi. Mnamo Mei 1982 Jaramogi Oginga Odinga alifukuzwa KANU baada ya kuonyesha nia ya kuunda chama kingine, na George Anyona aliyekuwa naye katika mpango huo akatiwa kizuizini. Juni, Bunge likabadili katiba, likaingiza kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Wahadhiri wa chuo kikuu walikuwa wakikamatwa. Ndani ya kambi, wanajeshi wa vyeo vya chini walinung'unikia mishahara, chakula na nyumba. Aliyejitokeza kuwaongoza, Hezekiah Ochuka, hakuwa jenerali wala kanali. Alikuwa askari wa cheo cha chini kabisa kuwahi kutaka kuitawala nchi hii. Tena alikuwa mtu wa Nyakach, wa huku kwetu. Jambo hilo lilitugharimu. Baada ya siku ile, kutaja tu tarafa unakotoka mbele ya karani wa Nairobi kulitosha kumfanya aweke kalamu chini.

Nimeyasoma magazeti ya Agosti ile katika Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, na nimezungumza na waliokuwepo, hivi kwamba saa za siku ile nimezijua kuliko saa za siku nyingi za maisha yangu. Usiku wa manane kambi za Eastleigh na Embakasi zilichukuliwa na waasi. Alfajiri wakaishika Sauti ya Kenya, Barabara ya Harry Thuku, hatua chache kutoka Chuo Kikuu. Rais alikuwa Kabarak. Kule Nanyuki marubani walilazimishwa kurusha ndege za vita kwenda kulipua Nairobi, nao wakayamwaga mabomu katika msitu wa Mlima Kenya. Wanafunzi wakamiminika barabarani wakishangilia. Maduka yakavunjwa, ya Wahindi hasa, na katika mitaa yao wanawake wakabakwa. Hili nalitaja kwa sababu watu wa nyumbani hawapendi litajwe. Na mimi siwezi kudai haki ya mtu wangu huku nikiwaficha wa wenzangu. Kabla ya adhuhuri jeshi la nchi kavu, likiongozwa na naibu kamanda wake, Mahmoud Mohamed, lilikuwa limeirudisha redio, na Mbotela akasoma tangazo la pili. Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo Okumu wakapanda ndege aina ya Buffalo, wakawalazimisha marubani wawapeleke Tanzania.

Jeshi la Wanahewa likavunjwa. Likapewa jina jipya, '82 Air Force, na halikurudishiwa lake hadi 1994. Zaidi ya wanajeshi wake 2,000 wakakamatwa na kujazwa magereza, wengi wakiwa hawakushika hata bunduki siku ile. Serikali ilikiri vifo vya watu zaidi ya mia moja. Orodha ya majina yao hatukuiona.

Mwezi wa Septemba babu alipanda garimoshi la usiku, daraja la tatu, kutoka Kisumu hadi Nairobi. Alibeba samaki wa kukaushwa, shati safi la mwanawe, na barua ya chifu yenye muhuri. Alirudi baada ya siku tisa na vyote vitatu. Kwenye gereza la kwanza aliambiwa jina halimo. La pili, halimo. Katika ofisi moja kijana aliyeweza kuwa mjukuu wake alimwambia kwamba anayemtafuta mhaini naye huenda ni mhaini. Babu alisimulia hayo mara moja, jioni ile aliyorudi, akiwa bado na vumbi la njiani kwenye nyusi, kisha hakuyarudia. Lile shati dani alilifua tena, ingawa lilikuwa safi, akalikunja.

Kimya kilichofuata hakikuamriwa na mtu. Mwalimu wangu wa darasa la pili aliniuliza jina la baba mdogo wangu "yule wa jeshi," na mama yangu aliposikia, alikuja shuleni siku ya pili kumwambia kwamba hatuna mtu wa jeshi. Picha ya studio ikatolewa ukutani. Ikabaki alama ya mraba pale ukutani, udongo uliokuwa mweupe zaidi kuliko mwingine, na nilipokuwa mtoto niliitazama hiyo alama kuliko nilivyowahi kuitazama picha.

Uvumi ndio uliotujaza. Ziwa hili lina nchi tatu na mashua hazina macho ya kusoma pasipoti, kwa hiyo kila mvuvi alikuwa na lake. Ameonekana Musoma. Amefuga ndevu, anauza sangara Mwanza. Alikuwa ndani ya ile Buffalo. Ameingia msituni Uganda na watu wa Museveni. Mwaka 1983 Tanzania ilipomrudisha Ochuka Kenya, dani alikesha akiomba mwanawe asiwe miongoni mwa waliorudishwa. Na asubuhi, aliposikia kwamba hayumo, alilia kwa sababu hayumo. Nimejaribu mara nyingi kuandika sentensi hiyo vizuri zaidi na sijaweza.

Mwaka 1987 una jambo ambalo nashangaa halisemwi sana. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na kwa miezi mitano nchi nzima ikabishana ni wapi mwili wake ulale: shambani kwake karibu na Nairobi, kama alivyotaka mjane wake Wambui, au Nyalgunga, Siaya, kama ulivyotaka ukoo wa Umira Kager. Kesi ikafika Mahakama ya Rufaa. Wazee walisimama kizimbani wakaeleza kwamba Mjaluo asipozikwa nyumbani roho yake haitulii na haiachi walio hai watulie, na mahakama ikauangalia ushahidi huo kwa uzito. Mwezi Mei akazikwa Nyalgunga. Julai, miezi miwili tu baadaye, Ochuka na Okumu wakanyongwa katika gereza la Kamiti, wa mwisho kunyongwa Kenya mpaka leo, na miili yao haikuja Nyakach wala kwingineko. Hakuna mzee aliyeitwa mahakamani. Kamiti ndiko alikonyongwa Dedan Kimathi, tarehe 18 Februari 1957. Ana sanamu Nairobi tangu 2007, na jamaa zake wamezunguka miongo wakiuliza alipolazwa. Ikiwa hao wenye majina wamekosa kaburi, fundi wa mitambo wa Nyakach angelipata kwa nani?

Na kwa mama mdogo kaburi halikuwa jambo la roho peke yake. Mjane kwa Kijaluo huitwa chi liel, mke wa kaburi. Akishakuwa chi liel ana njia: kuna mwaka wa kuomboleza, kuna shemeji wa kumrithi au kumkataa, kuna nyumba mpya, kuna haki ya kusema katika kikao cha ardhi. Pasipo liel, hakuna chi liel. Alikuwa mke wa mtu aliye safarini. Hakunyoa nywele. Hakugeuza nguo. Mahari aliyotolewa haikumalizika na hakuna wa kuimalizia. Watu wa kanisani walimwita "mama wa yule wa jeshi," ingawa hakuwa na mtoto, na wenzake wa sokoni Katito, alikouza omena, walimwita kwa jina la kwao tu. Nyumba yake ikawa inainama upande wa magharibi, na hakuweza kujenga nyingine, kwa kuwa mume ndiye huchimba shimo la nguzo ya kwanza. Ndiyo maana alisema "rudisha." Nilipokuwa kijana nilidhani ni mapenzi. Yalikuwepo mapenzi, lakini pia ndilo jibu pekee aliloruhusiwa.

Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Kisumu kusikiliza watu. Kazi yake ilianzia mwaka 1963, kwa hiyo walikuja na wa 1969, waliokuwa wadogo siku Rais Kenyatta alipofungua hospitali ile tunayoiita Russia na risasi zikapigwa umatini. Wakaja na wa fujo za uchaguzi. Na wakaja wazee waliokaa wima sana kwenye viti, mabega nyuma, na hata mtoto angejua kwamba waliwahi kuwa askari. Mama mdogo aliniomba nimsindikize. Alivaa gauni la Jumapili, akafunga ile picha katika kitambaa. Siku nzima hakunyanyua mkono kuomba kusema. Lakini saa kumi, watu walipokuwa wakitoka, aliifungua ile picha akaishika kifuani kama wafanyavyo watu uwanja wa ndege wakimngoja mgeni wasiyemjua, akasimama nayo mlangoni.

Mzee mmoja mrefu alipita, akarudi.

Tulimpeleka Lwang'ni, kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa. Ngege aliletwa na ugali, akapoa. Nilimwita jaduong', yaani mzee, na yeye alimwita mama mdogo "nyar Kano," kwa jina la kwao, kabla hajaambiwa anatoka wapi.

"Alikutaja," akasema. "Kitanda changu na chake vilikuwa vinagusana."

Nilikuwa nimengoja karibu miaka thelathini kusikia kwamba alilazimishwa. Nilikuwa nimeshaitunga hadithi kichwani: usingizini, bunduki kifuani, panda lori. Jaduong' hakunipa hiyo. "Tuliamshwa saa tisa usiku," alisema. "Ghala la silaha lilikuwa wazi tayari. Wengine walijificha chini ya vitanda, nami nilitamani kujificha. Yeye alivaa haraka. Nyathina, mwanangu, sitakudanganya, alikuwa na furaha. Alisema sasa wakubwa nao watapanga foleni ya chakula."

Mama mdogo hakushtuka. Alisogeza sahani kidogo.

"Taa zilikuwa zimezimwa," jaduong' akaendelea. "Tukavaa gizani. Tulipofika kule redio, kukapambazuka, akanitazama miguu akacheka. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa na buti yake, wake una yangu. Tukasema tutabadilishana baadaye."

Hawakubadilishana. Jeshi lilipoingia, yeye alikuwa ndani ya jengo, akatoka amenyoosha mikono juu. Baba mdogo alikuwa nje, upande wa ua unaotazama barabara. Risasi zilipokoma jaduong' alipitishwa pale, ameinamishwa kichwa, na aliona miguu ya watu waliolala chini. Aliiona buti yake mwenyewe. Aliijua kwa kisigino alichokishona kwa waya. Haikusogea. Wakapakiwa lori, wakapelekwa gerezani, na huko wakavuliwa viatu vyote. "Nilifika Kamiti na buti ya mumeo mguuni," alimwambia. "Nilitoka baada ya mwaka na nusu bila kazi, bila hata senti. Nikaogopa kuja. Nilisema nitakuja mwezi ujao."

Mama mdogo akauliza swali lake la pekee siku ile: "Ilikubana?"

"Ilinibana sana."

"Mguu wake ulikuwa mdogo," akasema. Kisha akaanza kula, na jaduong' akaanza kula, na mimi nikaenda kusimama majini.

Nimefikiri sana juu ya ile furaha ya saa tisa usiku. Wapo jamaa zangu walioniomba niiache nisimuliapo. Siwezi. Miaka yote ile serikali ilituambia alikuwa mhaini na sisi tukanong'onezana kwamba alikuwa mtoto mwema aliyeburutwa, na katika hayo mawili hakuwemo yeye. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne aliyechoshwa na foleni, akaamini kwa saa nane hivi kwamba mambo yanaweza kugeuka. Katika saa hizo hizo, mitaa michache kutoka aliposimama, watu wasio na hatia walikuwa wakiumizwa kwa jina la mageuzi hayo. Yote mawili ni yake. Afadhali nimpokee nayo kuliko nisimpokee.

Mwaka uliofuata tulimzika. Ambaye mwili wake haukupatikana, Wajaluo humzika kwa tunda la yago, lile la mwegea, mti unaoota kando ya mito na kuning'iniza matunda yake kwa vikonyo virefu kama kamba. Binamu zangu walilitafuta kando ya mto Sondu, wakaleta moja la kijivu, refu kama mkono wa mtu mzima, zito kuliko nilivyotarajia. Lilifikishwa langoni jioni, na wanawake wakalipokea kwa kilio kile kile wanachopokelea jeneza. Dani alikuwa ameshafariki, lakini lile shati lilikuwepo sandukuni mwake. Mama mdogo alilivisha yago, akafunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini. Kola haikukaa sawa, akaifungua, akaifunga tena. Lilikesha nyumbani usiku mmoja. Mchungaji aliomba, akaenda kusimama chini ya mwembe wakati wa yale asiyoyakubali, na namshukuru kwamba hakuondoka. Tangazo lilikwenda redioni kwa Kijaluo, jina lake kamili, jina la babake, kazi yake: askari wa Jeshi la Wanahewa. Jaduong' alikuja kutoka upande wa Kendu Bay na jozi mpya ya buti, saizi ndogo, akaziweka kaburini yeye mwenyewe, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia.

Asubuhi ya siku ya nne fundi alikuja na ngazi. Alikuwa mtoto wa yule aliyeezeka nyumba hiyo mara ya kwanza, na babake alikuwa amemfundisha kuuliza. Alipanda polepole, kwa kuwa nguzo za magharibi zilikuwa zimechoka. Alipofika kileleni alikishika kijiti kwa mkono mmoja, akageuza uso chini, ambako mama mdogo alisimama na kichwa kilichonyolewa.

"Lete," akamwambia.